Dharau Inayoumiza Moyo

Ipo dharau moja ambayo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumeilea mno. Choroko, kunde, dengu, mlenda, nsansa na ugali wa mtama tumevibandika jina la vyakula vya maskini. Mgeni akifika Mwanza, mwenyeji huona haya kumwandalia choroko. Humkimbilizia chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yanayochemka tangu asubuhi. Na dengu zetu? Zinajazwa magunia na kuuzwa India, ambako hakuna anayezionea haya.

Dharau hii ina gharama. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando kuanzia 2009 hadi 2011 ulionyesha kwamba, kwa watu wazima waliolazwa, maradhi yatokanayo na shinikizo la damu yalizidiwa na UKIMWI tu kwa kuua.

Nyuzinyuzi za kunde na choroko hunasa sehemu ya nyongo tumboni, na ini hulazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Potasiamu ya mboga za majani huzisaidia figo kutoa chumvi. Sembe, kwa upande wake, imeziacha pumba zake mashineni, nasi tukawapa kuku.

Wapo watakaosema kwamba hata wala mlenda hupata presha. Kweli, hasa wanapoutia magadi na chumvi bila kipimo, maana magadi nayo yana sodiamu. Wala simwambii mgonjwa atupe vidonge vyake. Ninachosema ni kwamba aibu tumeiweka pasipostahili. Tuionee haya chumvi inayoongezwa mezani, si bakuli la choroko.