Mtaalamu wa Kaboni na Lugha ya Mkulima

Vijana wengi wanaomaliza vyuo vyetu wanavutiwa na taaluma mpya, yaani utaalamu wa sera za tabianchi na masoko ya kaboni. Ni taaluma yenye heshima. Walimu wanapoombwa ushauri juu yake, aghalabu hutaja hisabati, sayansi ya udongo, uchumi na sheria. Sipingi. Ila mimi, nikiwa mwalimu wa isimu, naona kuna somo moja linalosahauliwa, nalo ni lugha ya mkulima.

Mfano uko karibu nasi. Katika maeneo ya Kitale, ulipo mtaa wa Matisi, hadi Bungoma na Kisumu, shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry liliendesha mradi wa kaboni ya kilimo kwa ushirikiano na Benki ya Dunia. Mkataba wa mauzo ulitiwa saini mwaka 2010. Wakulima walihimizwa kupanda miti mashambani, kutengeneza mboji na kutandaza mabaki ya mazao badala ya kuyachoma, ili kaboni ihifadhiwe udongoni. Januari 2014 mradi ulipewa hati za tani 24,788 za gesi ya ukaa, za kwanza kutolewa kwa mbinu ya vipimo iliyobuniwa kwa mashamba ya namna hiyo.

Sasa tutazame maneno. Magazeti na redio zetu huziita hati hizo "mikopo ya kaboni". Aliyetafsiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile ya benki. Mkulima wa Matisi aliyewahi kukopa pembejeo anajua kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba asiyelipa huweza kupoteza shamba. Ukimwambia atapata mkopo wa kaboni, atauliza riba ni ngapi na dhamana ni nini. Si mjinga, ameelewa Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni mtaalamu.

Wengine husema "biashara ya hewa". Hapo pia pana mtego. Katika Kiswahili chetu, mfanyakazi hewa ni yule asiyekuwapo ilhali mshahara wake hulipwa. Anayeambiwa auze hewa ana haki ya kushuku kwamba anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Neno likiwa bovu, matumaini nayo hupotoka. Mradi huo ulilenga wakulima wapatao 60,000 katika hekta 45,000. Tukizigawa tani zile za kwanza kwa idadi hiyo, fungu la kila mmoja halifiki hata nusu tani. Ni dhahiri kwamba faida kubwa ya mkulima hutoka katika rutuba na mavuno, wala si katika mauzo ya hati. Mtaalamu mwaminifu hana budi kulisema hilo waziwazi kabla ya mtu kutia saini.

Jambo hili lina uzito zaidi leo. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi katika ardhi ya umma na ya jamii iwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na miradi inayotegemea ardhi iwape wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato. Lakini haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenyewe itadaiwa na nani?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuseme "hati za kaboni", na neno mikopo tuwaachie wenye benki. Pili, mikataba isomwe hadharani kwa Kiswahili, na kwa Lubukusu pale inapobidi, kabla ya kutiwa saini. Tatu, vyuo vinavyofundisha taaluma hii vimtahini mwanafunzi kwa kumtaka aeleze mkataba mzima kwa Kiswahili fasaha mbele ya wakulima, nao wamwulize maswali. Atakayeshindwa, arudi darasani.

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Katika biashara hii, asiyeambiwa maana ndiye mwenye shamba.