Zeze la Babu
Likizo iliyopita tulikwenda Kampala kumwamkia shangazi, naye akatupeleka Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908. Nilidhani tutatazama vioo tu. Kumbe mpigaji mmoja alimpa ndugu yangu mdogo fimbo za amadinda, wakapiga pamoja, kila mmoja akijaza nafasi za mwenziwe.

Kwetu zeze la babu lilitundikwa ukutani, tukakatazwa kuligusa. Babu alipofariki, hakuna aliyejua kulipiga.

Nionavyo mimi, chombo kisichoguswa na watoto hakikuhifadhiwa, kimezikwa. Wenzangu, nanyi mliotutangulia hapa shuleni, ziteremsheni ngoma za wazee zipigwe. Ngozi ikipasuka huwambwa nyingine. Mpigaji akifa bila mwanafunzi, hana badala.