Serikali Mbili au Tatu Tumejadili, Mtaa Je?

Kaa kwenye kimbweta chochote hapa chuoni, likitajwa suala la katiba mpya, dakika tano haziishi mjadala umeshafika kwa Rais. Madaraka yake yapunguzwe, matokeo ya kura zake yapingwe mahakamani, tume ya uchaguzi iwe huru. Wakimalizana na Rais wanaingia watu wa Muungano: serikali mbili au tatu? Sina ugomvi na hoja hizo. Ninachouliza ni kwa nini hatufiki kwenye halmashauri, wakati wengi wetu tunaosoma ualimu tutakwenda kufundisha kwenye shule zilizo chini yake.

Hata wakubwa hawakufika. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 iliziacha nje serikali za mitaa kwa maelezo kwamba si jambo la Muungano. Kwa anayetaka serikali tatu, maelezo hayo yana mantiki. Lakini Bunge Maalum lilipoanza kukaa hapa hapa Dodoma Februari 2014, nguvu nyingi ziliishia kwenye kuhesabu serikali. Aprili UKAWA wakatoka nje, Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Tukabaki na Katiba ya 1977.

Nayo inasemaje? Ibara ya 145 na 146 zinataka serikali za mitaa ziwepo, na madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno matamu. Ila muundo wake na vyanzo vyake vya fedha vimeachiwa sheria za Bunge, ambazo zinabadilika kila bajeti ikisomwa. Uingereza haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja, na mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ililifuta baraza zima la jiji la London kwa sheria ya kawaida tu. Sisi kitabu tunacho, lakini likija suala la mitaa tunaishi kama hatuna. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi tena 1984. Leo Ibara ya 145 inazuia kuzifuta. Haizuii kuzikausha.

Mfano uko kwenye simu yako. Wewe uliyepanga Ng'ong'ona, ukinunua umeme unakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi ya kodi ya majengo. (Nyumba si yako, lakini hiyo ni kesi nyingine, kamdai mwenye nyumba.) Kodi hiyo kwa asili ni ya halmashauri. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Hakuna baraza la madiwani lililopigia kura uamuzi huo. Yalibadilishwa maneno kwenye Sheria ya Fedha, basi.

Na wenyeji wa Dodoma wanaikumbuka CDA. Ilianzishwa 1973 pamoja na uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku, na kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji huu ilisimamiwa na mamlaka ambayo mkazi hakuwa na kura ya kuiondoa. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, shughuli zake zikaenda manispaa. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Mimi nafurahi pia, ila najiuliza: kama saini moja iliweza kuleta madaraka yale kwa madiwani, saini nyingine itashindwaje kuyaondoa?

Kwenye BTP mwaka jana nilifundisha shule ya kata moja, sitaitaja. Nyuma ya ofisi ya walimu kulikuwa na boma la madarasa mawili, wazazi wamelijenga kwa michango hadi usawa wa lenta, likasimama. Mwalimu mkuu anasema kaandika halmashauri. Halmashauri inasema inasubiri fedha kutoka juu. Kidato cha kwanza walikuwa 90 na kitu kwenye chumba kimoja, ukiandika ubaoni wa nyuma wanasimama ili waone. Sasa mzazi aliyebeba tofali kichwani akamlaumu nani? Diwani wake, mbunge, TAMISEMI au Hazina?

Majirani zetu Kenya waliandika namba. Katiba yao ya 2010 inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ukaundwa mfuko wa kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma. Wanagombana kila mwaka kuhusu fedha hizo, magavana wanalalamika zinachelewa, lakini wanagombana wakiwa na namba mkononi. Na hawakugatua kila kitu: chekechea ni za kaunti, walimu wa msingi na sekondari wamebaki kwa tume ya taifa. Kwa hilo nawaunga mkono, maana Bahi na Kinondoni zikiachwa zishindanie walimu kwa mishahara, Bahi itabaki na madawati.

Najua jibu: "Halmashauri zitakula." Kweli, ripoti za CAG zinazitaja kila mwaka. Lakini zinataja na wizara pia, na sijasikia mtu akisema tuzinyang'anye wizara fedha. Isitoshe, mkurugenzi anayeshika fungu la jiji hili anateuliwa na Rais, diwani anachaguliwa na wakazi. Madiwani wakimkataa, barua ya kumwondoa haitoki kwao. Mimi ningeanzia hapo: katiba ijayo iandike asilimia ya mapato ya halmashauri, na iandike kwamba mkurugenzi anaajiriwa kwa ushindani na kuwajibika kwa baraza la madiwani. Mwenye pendekezo bora zaidi aje kimbwetani, ila asianze na Rais.