Asilimia za Egzame ya Leta



Juma lililopita mama mmoja wa kanisa alifika kwangu usiku. Hakuja kuomba maombi. Alisema: "Pasta, unikopeshe feza. Ku masomo banasema kila finalisti atoe ya kupatia basimamizi. Kama hapana, mutoto ataanguka." Nilinyamaza wakati mrefu, naye hakujua sababu. Mimi nami niliwahi kutoa feza ile.

Ndiyo, mimi. Mwana wangu wa kwanza alipofika mwaka wa sita, prefe wa masomo yake alituita wazazi, akataja "motivasio". Hatukuuliza ni ya nani. Nilitoa. Siku ya matokeo mke wangu alimmwagia mtoto poda nyeupe kichwani, majirani wakaimba, nami nikaimba pamoja nao. Kiisha miezi mitatu nilimwomba aniandikie barua ya Kifaransa kwa ofisi ya kartie. Alikaa mbele ya karatasi mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema: "Papa, andika we mwenyewe."

Egzame hii haikuanzishwa kwa ubaya. Tangu 1967 nchi yote inafanya Examen d'État moja, ili diploma ya Kolwezi na ya Kinshasa zipimwe kwa kipimo kimoja. Shauri lenyewe ni zuri. Lakini mtoto wa masomo yenye laboratwari, na yule aliyeona mikroskopi katika picha tu, wanaulizwa mambo yale yale. Na huku kwetu kuna watoto wanaokosa masomo siku mbili kwa juma, sababu wako mtoni wanaosha madini ili minervali ipatikane. Mwaka 2019 Leta ilitangaza kwamba masomo ya msingi ya serikali ni bure. Ya sekondari wazazi tunalipa bado, na feza ya kushiriki egzame inakuja juu yake.

Tazameni tena namna yenyewe. Kuna disertasio ya Kifaransa mbele, na wale wa tekniki wanapita kwa juri ya kazi ya mikono, hiyo ni kweli. Lakini zile siku nne za sesio kubwa ni za kuchagua: swali, majibu machache, mtoto anatia alama kwa nambari moja. Mashine haiulizi alifikaje pale. Aliyejua, aliyebahatisha na aliyeletewa jibu kwa simu, wote ni alama moja. Kwa hiyo mwalimu wa mwaka wa sita anafunga kitabu, anashika items za miaka iliyopita, na watoto wanakariri. Simlaumu sana. Prefe anapimwa kwa hesabu ya waliopita, mwalimu anapimwa na prefe, na sisi wazazi tunapimana na majirani. Leta inagawa seri mbalimbali ili mtoto asiibe kwa mwenzake, simu nazo zinakatazwa. Lakini msimamizi ni mwalimu wa mshahara mdogo, na amvulopu yake sisi ndio tunaijaza.

Kuna kijana mmoja kwetu anayetengeneza mashine ya umeme ya kanisa. Akiisikiliza tu, anajua ni kitu gani kimeharibika ndani. Mara mbili ameandikiwa "eshek". Wazazi wake hawakuwa na feza ya motivasio. Sasa anasema hatajaribu tena, anakwenda kuchimba. Kila mara ninapomsalimu ninakumbuka ile poda kichwani mwa mwana wangu.

Yule mama nilimwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Feza sikumkopesha. Alilia, akasema: "Pasta, wewe wako alishapata diploma." Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilimwambia tu binti yake aje kanisani Jumanne na Ijumaa jioni. Kuna mzee mwalimu wa hesabu, amekwisha kupumzika kazi, anafundisha pale bila malipo. Mwana wangu naye anakaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi, anajifunza kuandika barua.

Jumanne binti alikuja peke yake. Alikuwa ameshika kitabu cha items.