Dalali wa bure hayupo, wadau

Hapa Lushoto, ukungu kama kawa. Leo nina hasira. Tangu X ilipozuiwa nchini Mei 2025, hosteli nzima watu wanapeana anwani za proksi za bure kama karanga. Seva ya nani? Hakuna anayejua. Ila maneno yenu ya siri yanapita humo humo!

Jamani, Msambaa gani hamjui dalali? Kabichi inashuka Mombo, inafika Dar, mkulima hamwoni mnunuzi, bei anaambiwa na dalali. Proksi ndio huyo huyo. Ukitaka kujua anaona nini, ongea naye mwenyewe kwa soketi. Sakinisha Squid kwenye kompyuta ya rafiki yako, fungua Python, unganisha soketi ya TCP kwenye poti 3128. Sio kwenye tovuti, kwa dalali! Kisha andika GET na anwani nzima kuanzia http://, weka Host, mstari mtupu, tuma. Ukishaiandika kwa mkono wako huhitaji mhadhara: kila herufi ameishika yeye, na jibu anaweza kulibadilisha kabla halijakufikia.

Kwa https unatuma CONNECT, jina la tovuti na 443. Akijibu 200, usimbaji fiche unaanza kati yako na tovuti, yeye anasukuma baiti tu. Tenga limeshonwa. Anajua linakwenda wapi, saa ngapi na uzito wake, basi. Sasa jiulize kwa nini kuna programu za bure zinakuomba ukubali cheti chao kwenye simu. Ukikubali, dalali anafungua tenga, anachambua, anashona upya, na kivinjari kinakaa kimya.

Na wale wa "proksi yetu ina neno la siri, iko salama", mnanichekesha. Ikikujibu 407 ukatuma Basic, hiyo ni base64 tu, inafumbuliwa kwa mstari mmoja wa Python.

Oktoba 2023 TCRA ilipotaka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30, kila mtu hapa bongo alikuwa mchambuzi. Darasani je? Proksi ni fasili ya kukariri, ukishaitema kwenye mtihani imekwisha. Mistari 20 ya programu ingetosha kipindi kimoja! Naitaka maabara muhula huu huu. Wakikataa, Jumamosi saa nne nitakuwa kantini, njooni na laptop zenu, na chaji iwe imejaa maana umeme wa huku mnaujua.