Jumatatu ya Kwanza Matasia

Saa kumi na moja alfajiri, barabara inayotoka Ngong kwenda Kiserian huwa imeshaamka. Pale Matasia watu wamejipanga kandokando ya lami, makoti yamefungwa hadi kooni kwa sababu upepo wa milima ya Ngong hauna huruma, wakingoja matatu ya kuwafikisha Ngong wapande namba 111 waingie Nairobi, au ya kuwateremsha Kiserian wadandie 126 inayopitia Rongai. Kila mmoja hapo anajua anakokwenda, na anajua nani atamuuliza akichelewa.

Sasa mfikirie mtu aliyesimama kwenye foleni hiyo kwa miaka ishirini, kisha Jumatatu moja akabaki nyumbani. Ametimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma wa Kenya tangu ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Ijumaa ofisini palikuwa na keki, hotuba na zawadi ya saa ya ukutani. Jumapili aliombewa kanisani pamoja na wasafiri na wagonjwa. Jumatatu anaamka saa kumi, maana mwili haukuandikiwa barua ya kustaafu. Anaoga, anavaa, anapiga viatu rangi, anatoka hadi getini, kisha anasimama hapo.

Hapo ndipo swali la kusudi la maisha linapoacha kuwa mada ya semina. Mtu huyu haumwi, hakufiwa, wala hana kosa. Lakini meza yake imekaliwa na mwingine, na simu iliyokuwa ikilia tangu saa mbili imenyamaza. Mkewe anamtazama dirishani asijue amwambie nini. Kanisa lake liko hatua chache tu kutoka hapo, na limetiwa kufuli hadi maombi ya katikati ya wiki.

Matasia ni mahali pa kulitafakari jambo hili kwa sababu karibu kila mtu hapo yuko katikati ya kuvuka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado, ambamo Matasia imo. Ile ya 2019 ikakuta 1,117,840. Ongata Rongai peke yake ilikuwa na watu 172,569, Kitengela 154,436 na Ngong 102,323. Wengi wao hawakuzaliwa huko. Walichoka kulipa kodi ya nyumba Nairobi, wakaweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ploti ya futi hamsini kwa mia, wakajenga chumba baada ya chumba na kuhamia kabla dari haijawekwa. Maji wanaletewa kwa bauza au kwa punda. Jirani wanamjua kwa rangi ya geti lake. Mababu zao wamezikwa Murang'a, Machakos au Kisii, mbali na mahali wanapokusudia kuzeekea.

Na nje ya kuta za mawe za ploti hizo kuna mvukaji mwingine, asiyetajwa sana mimbarani. Sheria ya mwaka 1968 iliwezesha ardhi ya Wamaasai kusajiliwa kama ranchi za pamoja. Miaka ya 1980 ranchi nyingi zikaanza kugawanywa, ya Kitengela ikiwa mwaka 1988, na kila familia ikashika hati yake. Baada ya hapo kipande kikauzwa kwa ajili ya karo, kingine kwa gharama za hospitali, kingine kwa sababu ambazo mwenyewe hataki kuzikumbuka. Kisha ukaja ukame ulioanza mwaka 2020. Mvua ilikosa kwa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika maeneo makavu ya Kenya, Kajiado ikiwemo. Mwanamume aliyejitambua kwa ng'ombe wake anaweza leo kuwa mlinzi wa usiku kwenye geti lililojengwa pale pale alipochungia akiwa mtoto.

Mmoja amestaafishwa na ofisi, mwingine na malisho. Wanasalimiana asubuhi na jioni kupitia kidirisha cha geti.

Makanisa hayakosekani. Katika sensa ya 2019 Wakenya zaidi ya 85 katika kila 100 walijitaja kuwa Wakristo, na barabarani Matasia majengo ya mabati ya ibada yanapokezana na maduka ya saruji na nondo. Makanisa haya yanajua kubatiza, kufungisha ndoa na kuzika. Kwenye msiba hasa hayana mpinzani. Habari zikifika usiku, alfajiri kina mama wameshawasha moto nyuma ya nyumba, kamati imeundwa, daftari la michango linazunguka, na mfiwa hataachwa peke yake hadi udongo ukauke. Yeyote aliyewahi kufiwa anajua thamani ya sufuria ile ya chai.

Lakini kazi ikifa hakuna sufuria. Mwezi Agosti 2019 kampuni ya saruji ya East African Portland, iliyo Athi River karibu na Kitengela, iliwatangazia wafanyakazi wake wote, mamia ya watu, kwamba nafasi zao zimefutwa. Zilikuwa nyumba nyingi zilizoyumba kwa tangazo moja. Mtu wa namna hiyo akifika kanisani hupewa maneno: Mungu hafungi mlango pasipo kufungua mwingine, zamu yako inakuja, panda mbegu uone. Anatoa sadaka ya mwisho aliyo nayo, anarudi nyumbani, anangoja. Mlango usipofunguka, anaanza kuhesabu dhambi zake, au anaanza kukwepa ibada kwa sababu hana nauli, hana nguo nzuri, wala jibu la salamu za watu.

Maneno hayo yanaumiza hata yanaposemwa kwa nia njema, kwa sababu yanamwachia mtu mmoja mzigo wa kuamini kwa niaba yake mwenyewe, saa ambayo imani yake iko chini kabisa. Tena yanamwacha wazi kwa yeyote atakayekuja na majibu ya mkato. Kenya ililiona hilo mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini waliomfuata mhubiri ilifukuliwa makaburini. Waliokwenda kule hawakuwa wajinga. Miongoni mwao walikuwepo watu waliosoma, walioacha kazi, waliouza mali na kuwatoa watoto shuleni kwa kuahidiwa maana kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo. Utafutaji wa kusudi ni njaa, na mwenye njaa asipoandaliwa meza na majirani ataifuata harufu ya chakula popote inakotokea.

Ajabu ni kwamba ardhi ya Kajiado yenyewe ina elimu ya kale kuhusu kuvuka. Wamaasai hawamwachi mwanamume avuke rika lake peke yake. Kuna enkipaata, inayowaandaa wavulana kwa jando. Kuna eunoto, inayowafungulia morani njia ya utu uzima. Na kuna olng'esherr, inayofunga umorani na kuwaingiza katika uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizi tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Katika eunoto morani hukaa juu ya ngozi ya ng'ombe, na mama yake mzazi humnyoa nywele ndefu alizozifuga na kuzipaka udongo mwekundu kwa miaka. Wapo wanaolia wembe unapopita. Hakuna anayewaambia wasilie, kwa maana kinachoanguka pale chini ni ujana wao. Lakini kichwa kinapoinuka kimenyolewa, kushoto na kulia wamekaa wenzake wa rika moja, nao wamenyolewa vilevile.

Mwaka 2020 una jambo la kukumbukwa. Julai makanisa ya Kenya yalipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani kwa usalama wao. Ilikuwa tahadhari ya haki. Septemba mwaka huohuo, katika milima ya Maparasha hapa Kajiado, maelfu ya wanaume wa Kimaasai walikusanyika kwa olng'esherr, wakapokewa rasmi kuwa wazee. Korona ilipita, makanisa yakajaa. Je, kuna mahali ambapo wale wazee waliokaa nyumbani walipokewa upya na kuambiwa kazi yao ni ipi sasa?

Si kwamba Ukristo hauna la kusema. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na Musa 80 aliposimama mbele ya Farao. Biblia imejaa watu walioitwa wakati wenzao wanahesabu marupurupu ya uzeeni. Naomi ndiye anayefaa zaidi kwa Matasia. Alihama nchi kwa njaa, akafiwa na mume na wana wawili ugenini, akarudi Bethlehemu akiwaambia wanawake wamwite Mara, mwenye uchungu. Kitabu cha Ruthu hakimkemei kwa kusema hivyo. Kinamwonyesha mkwewe akiokota masazo shambani, jamaa akitimiza wajibu wake wa ukoo, na mwishoni wanawake wale wale waliousikia uchungu wake ndio wanaompa mtoto jina, Obedi. Majirani ndio waliompa jina. Jambo hilo dogo hupitwa haraka kwenye mahubiri, nalo lina uzito.

Upo ushahidi wa karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka. Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa Loliondo, Tanzania, mwaka 1966 alipokiri kwa askofu wake kwamba misheni yenye shule na hospitali ilikuwa haijazungumza na Wamaasai kuhusu Mungu hata kidogo. Naye alikuwa kwenye njia panda yake: miaka imekwenda, kazi imefanyika, na maana yake haionekani. Akaomba ruhusa ya kwenda bomani mikono mitupu. Baada ya takriban mwaka wa mafundisho, kama alivyosimulia katika kitabu chake cha 1978, alitaka kuchagua wa kubatizwa: huyu alikosa mafunzo, yule alikuwa mvivu, yule hakuelewa. Mzee aliyeitwa Ndangoya akamzuia. Alimweleza kwamba mvivu alisaidiwa na mwenye bidii, na mzito wa kuelewa akasaidiwa na mwepesi, na kwa hiyo wao wote kwa pamoja wanaweza kusema wanaamini. Donovan akawabatiza wote.

Neno la Ndangoya ndilo linalokosekana kwenye mabati mengi ya Kajiado. Mtu aliyeachishwa kazi hawezi kuamini vizuri mwezi ule wa kwanza. Mjane hawezi, mama aliyefika Matasia na watoto watatu baada ya ndoa kuvunjika hawezi, mchungaji asiye na ng'ombe hawezi. Wanahitaji watu wa kuwaaminia kwa muda. Vyombo vya kufanyia hivyo vipo tayari. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, na dayosisi ya Ngong, iliyoanzishwa mwaka 1976 ikihudumia Kajiado na Narok, imerithi mpango huo. Waanglikana wana Umoja wa Mama, Wapresbiteri wana wilaya zao za washiriki, makanisa ya kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Vingi vya vikundi hivi vimegeuka vituo vya kukusanyia michango, na hilo linaweza kurekebishwa bila kungoja kikao cha sinodi.

Jumuiya yenye familia kumi na tano inajua nani anatimiza 60 mwaka huu. Inajua kiwanda kipi kimepunguza watu na nani hajaonekana wiki tatu. Inaweza kumpokea anayestaafu siku ya Jumapili mbele ya watu wote, wazee wakamwekea mikono na kumtangaza kwa jina kuwa mzee, kabla hajafika Jumatatu. Inaweza kumwacha alie. Na inaweza kumkabidhi kazi halisi, si cheo cha heshima kwenye kamati isiyokutana.

Jumatatu hiyo basi, kabla ya saa mbili, watu wawili wanabisha getini. Mmoja ni mama wa jumuiya. Mwingine ni yule mlinzi, amemaliza zamu, blanketi bado liko begani. Wamekuja na haja. Hesabu za kisima cha maji zimevurugika na anatafutwa mtu anayejua vitabu. Halafu kijana wa mlinzi ana fomu ya basari inayotakiwa kurudishwa Alhamisi, na hakuna nyumbani anayeielewa. Mlinzi naye amegundua kwamba mbuzi wawili walionunuliwa na mzee kujiandalia uzee wamefungwa upande wa upepo, watapata homa. Atamwonyesha pa kuwahamishia. Mwenye nyumba anavua koti la ofisini, analitundika mlangoni, anawakaribisha ndani. Mkewe ameshabandika chai.