Huna mgonjwa? Ndiyo maana wamebisha hodi kwako

Kuna jibu nimechoka kulisikia vijijini: "Hapa kwangu hakuna mgonjwa, nendeni kwa wenye wagonjwa." Unamfukuza mpimaji mlangoni, mwezi ujao unalalamika kwamba serikali haijui chanzo cha ugonjwa. Itajuaje?

Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kati yao 125 walikufa. Wachunguzi hawakuzunguka kila nyumba. Walichukua wagonjwa 40 na wazima 80 wa vijiji vilevile, waliopatikana kwa bahati nasibu, wakawauliza wote maswali yaleyale, wakapima na mahindi yao. Mahindi ya shambani kwa wagonjwa yalikuwa na sumu, kwa wastani, karibu mara 8 ya yale ya wazima. Waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu walionekana zaidi upande wa wagonjwa.

Wangeenda kwa wagonjwa peke yao wangepata nini? Kwamba wote walikula ugali. Nani kule hakula ugali? Jirani mzima ndiye aliyeonyesha tofauti, na watu 120 tu wakatosha. Usiniambie hayo ni ya Kenya: mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Halafu wapo viongozi wa kitongoji. Kura imeangukia kwa mama wa pembezoni, wao wanampeleka mtafiti kwa shemeji mwenye ghala safi, eti tusiaibike. Hapo kipimo kimeshakufa. Nyumba iliyoangukiwa na kura haibadilishwi, hata kama njia ni tope.

Nawe mfanyabiashara, acha kutoa gunia la mlangoni ulilolipepeta jana. Sumukuvu haikai sawasawa. Punje chache tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Ndiyo maana mpimaji anataka kuchota juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, kisha achanganye. Hakuchokozi.

Wapo watafiti wanaochukua sampuli wakapotea moja kwa moja, hilo silitetei. Waulize kabla ya kuanza: majibu yatarudi lini, na yatapitia kwa nani? Wakishakujibu, wafungulie na lile gunia la nyuma kabisa.